Milano–Sanremo, Gent–Wevelgem au Scheldeprijs: utazame mbio zipi za masprinta?

Machi 2004, mjini Sanremo, Erik Zabel alikwishajihesabia ushindi. Mjerumani huyo alikuwa ameshinda Milano–Sanremo mara nne, na ya tano hii hapa, mita chache tu mbele ya gurudumu lake baada ya kilomita karibu 300. Akaachia usukani, akainua mikono kushangilia. Ubavuni pake Óscar Freire wa Hispania hakuwa na muda wa sherehe: alijinyoosha, akairusha baiskeli mbele kwa mikono yote miwili, na gurudumu lake likagusa mstari kwanza. Zabel alipita wa pili, mikono ikiwa bado hewani.

Mtu anayetaka kuanza kufuatilia mbio za baiskeli za siku moja huuliza, na ana haki ya kuuliza: nikae saa ngapi mbele ya runinga nikisubiri kitu kinachoamuliwa na upana wa tairi? Inategemea umechagua mbio zipi. Katika majira ya kuchipua ya Ulaya kuna tatu ambazo watu huzitia kapu moja na kuziita za masprinta: Milano–Sanremo ya Italia, Gent–Wevelgem na Scheldeprijs za Ubelgiji. Zote hukimbiwa ndani ya wiki tatu au nne za Machi na Aprili. Zikikaribia mwisho hufanana sana kwa macho: barabara tambarare, kundi linalokwenda kama nyuki, kelele. Lakini kila moja humtesa sprinta kwa namna yake, na kwangu hicho ndicho kipimo cha kuchagulia.

Sprinta ni nani hasa? Ni mwendeshaji aliyejengwa kwa ajili ya sekunde 10 au 15 za mwisho. Mapaja manene, kilo nyingi kuliko wenzake wa milimani, na uwezo wa kupiga wati 1,500 na zaidi kwa muda mfupi mno. Siku nzima hujificha nyuma ya migongo ya wengine, kwa kuwa anayekaa ndani ya kundi huokoa theluthi moja ya nguvu zake au zaidi ikilinganishwa na anayeupasua upepo mbele. Zikibaki kilomita mbili tatu, wenzake wa timu hupanga foleni mbele yake, wenyewe huiita treni. Mmoja huvuta mpaka achoke, anajitoa, wa pili anashika, mpaka wa mwisho amwachie bosi takriban mita 200 na njia nyeupe. Kasi hapo hukaribia au kupita kilomita 70 kwa saa. Mpango wenyewe ni rahisi kuueleza. Kazi ni kuufikisha salama mpaka hizo mita 200, na hapo ndipo mbio zetu tatu zinapoachana.

Scheldeprijs: hakuna pa kujificha, hakuna pa kusingizia

Tuanze na iliyo nyepesi zaidi kuelewa. Scheldeprijs ilianza mwaka 1907, kabla ya Ronde van Vlaanderen (Ronde), mbio kubwa za barabara za mawe za Ubelgiji zilizokuja 1913, na humalizikia Schoten, nje kidogo ya Antwerpen. Hukimbiwa Jumatano, katikati ya Jumapili mbili nzito kuliko zote za msimu huo: Ronde na Paris–Roubaix. Nafasi hiyo kwenye kalenda peke yake inakwambia nani atakuja. Wenye macho na Roubaix wengi hukaa nyumbani kupumzisha miguu. Uwanja wanaachiwa masprinta.

Njia yake ni takriban kilomita 200 za nchi iliyolala kama mkeka. Tangu 2018 mbio huanzia Terneuzen, upande wa Uholanzi, kisha zinaingia Ubelgiji na kumalizia kwa mizunguko mjini Schoten yenye kipande kimoja cha barabara ya mawe, Broekstraat, kisichofika hata kilomita mbili. Kilima? Hakuna. Kwa hiyo sprinta akishindwa hapa hana mlima wa kuulaumu. Ameshindwa na sprinta mwenzake, au treni yake imekatika, au ameanguka, na kuanguka si jambo adimu pale watu wote wanapoamini kwamba wanaweza kushinda.

Marcel Kittel alishinda mara tano: 2012, 2013, 2014, 2016 na 2017. Mark Cavendish ana tatu, na ile ya 2007 ilimtambulisha kwa dunia akiwa kijana mgeni kabisa katika uweledi. Fabio Jakobsen, Jasper Philipsen na Tim Merlier wote wana zaidi ya moja. Ukiisoma orodha ya washindi wa hapa miaka 20 iliyopita, umesoma orodha ya watu waliokuwa na kasi kuliko wote duniani.

Nisiifanye ionekane ya kusinzia tu, maana upande wa Zeeland, eneo la Uholanzi mbio zinakoanzia, kuna upepo. Mwaka 2022 upepo ulilikata kundi mapema vipande vipande, na Alexander Kristoff wa Norwei, sprinta mwenyewe, akachomoka peke yake zikiwa zimebaki kilomita chache na kuwaacha wenzake wakigombea nafasi ya pili. Mwaka 2018 ndiyo kulikuwa na kituko: waendeshaji zaidi ya 30, baadhi yao wakiwa miongoni mwa waliopewa nafasi kubwa ya kushinda, waliondolewa mashindanoni kwa kupita kwenye makutano ya reli taa nyekundu zikiwaka. Lakini hiyo ni miaka ya ajabu. Mwaka wa kawaida hapa unaujua mwisho wake tangu asubuhi. Usichokijua ni jina tu.

Milano–Sanremo: saa sita za kupika, dakika sita za kula

Hizi nazo zilianza 1907. Wakati Scheldeprijs ni mtihani wa swali moja, Sanremo ni mtihani wa kutwa ambao swali lenye alama huja wakati karatasi zinakusanywa. Kilomita karibu 300, ndefu kuliko mbio nyingine zote kubwa za siku moja. Kwa muda mrefu zilianzia Milano kwenyewe, ingawa mwaka 2024 na 2025 zilianzia Pavia. Zinavuka mlima wa Turchino, zinashuka kwenye Bahari ya Mediterania, kisha zinafuata pwani ya Liguria: Capo Mele, Capo Cervo, Capo Berta, vilima vidogo ambavyo peke yake havimtishi mtu.

Halafu inakuja Cipressa, kilomita 5.6 za mwinuko wa asilimia 4 hivi, na baada yake Poggio, kilomita 3.7 za mwinuko usiofikia hata asilimia 4 kwa wastani. Kwa mwendeshaji mweledi asubuhi ya mazoezi, Poggio ni kama ngazi za kupandia ghorofani. Ila hapa inakuja baada ya kilomita 280 na ushei, inapandwa kwa kasi ya kutisha kwa dakika zisizofika sita, na kilele chake kiko kama kilomita 5 na nusu tu kutoka mstari wa mwisho wa Via Roma. Mteremko wake ni kona juu ya kona. Aliyeachwa mita 50 kileleni hana barabara ya kutosha ya kurudi.

Waandaaji waliiongeza Poggio mwaka 1960 na Cipressa mwaka 1982, na haikuwa kwa bahati mbaya: walikuwa wamechoka kuona kundi zima linafika pamoja. Kwa miaka mingi masprinta waliendelea kuponyoka. Zabel na mara zake nne, Freire na tatu, Mario Cipollini mwaka 2002, Alessandro Petacchi mwaka 2005, Cavendish mwaka 2009 alipomnasa Heinrich Haussler kwenye mstari wenyewe kwa tofauti ya sentimita.

Sasa hali imebadilika, na ukichagua Sanremo ujue unachokichagua. Tangu Arnaud Démare ashinde mwaka 2016, ushindi wa kundi kubwa umekuwa kama mvua ya kiangazi. Vincenzo Nibali alishinda 2018 kwa kuchomoka Poggio, akapita mstarini huku kundi linamhemea kisogoni. Aliyeongoza kundi hilo alikuwa Caleb Ewan wa Australia, wa pili. Mwaka 2021 Jasper Stuyven alichomoka chini ya Poggio, na wa pili ni nani? Ewan tena. Mtu aliyekuwa na kasi kuliko wote siku hizo mbili alirudi mikono mitupu. Matej Mohorič alishinda 2022 kwa kushuka Poggio kama mwendawazimu, akiwa na baiskeli yenye nguzo ya kiti inayoshushwa. Mathieu van der Poel ana 2023 na 2025.

Katikati ya hao kuna 2024, ambayo ningemwonyesha mtu yeyote anayeuliza Sanremo ni nini. Tadej Pogačar alishambulia Poggio, kundi likapasuka lakini halikuvunjika, na Philipsen akang'ang'ania. Mwenzake wa timu moja, van der Poel, bingwa wa dunia wa wakati huo, akageuka mtumishi na kuwafuata waliojaribu kutoroka mmoja baada ya mwingine. Philipsen akamshinda Michael Matthews kwa kitu kidogo sana, Pogačar wa tatu. Wastani wa siku ile ulikuwa zaidi ya kilomita 46 kwa saa, kasi ambayo mbio hizo hazikuwahi kuwa nayo.

Gent–Wevelgem: muulize mtabiri wa hali ya hewa

Gent–Wevelgem ya kwanza ilikuwa 1934. Hukimbiwa Jumapili moja kabla ya Ronde, urefu kama kilomita 250. Jina lake ni la kudanganya kidogo, kwa sababu kwa miaka mingi haikuanzia Gent. Ilipofika 2020 ilihamia Ieper, mji wenye makaburi ya Vita Kuu ya Kwanza, na baadaye waandaaji wakaamua kuupeleka mwanzo Middelkerke, ufukweni, pamoja na jina jipya. Mwisho ni Wevelgem vilevile, kwa hiyo nitaendelea kuiita kama nilivyoizoea.

Kuna Kemmelberg, kilima chenye barabara ya mawe na sehemu zinazozidi asilimia 20, kinachopandwa zaidi ya mara moja. Hapo sprinta mzito huhisi kila kilo ya mwili wake. Lakini kutoka mara ya mwisho ya Kemmelberg mpaka Wevelgem kuna kilomita 30 na ushei za tambarare, na hapo ndipo penye utamu: aliyeachwa kilimani ana muda wa kurudi, aliyetangulia ana muda wa kujuta. Sanremo humnyima sprinta nafasi ya kutubu. Gent–Wevelgem humpa, kisha humtoza nauli.

Nauli yenyewe ni upepo. Karibu na pwani kuna eneo la De Moeren, mashamba tambarare yasiyo na mti wala ukuta. Upepo ukivuma kutoka ubavuni, kukaa nyuma ya mwenzako hakusaidii. Inabidi ukae mshazari, na barabara ikijaa mshazari mmoja, waliobaki huning'inia ukingoni mwa lami mpaka kamba ikatike. Mwaka 2015 upepo uliwasomba watu mpaka mitaroni, Geraint Thomas akiwa mmoja wao, na bado alinyanyuka akamaliza wa tatu. Walioufikia mstari walikuwa 39 tu. Mshindi alikuwa Luca Paolini, mzee wa miaka 38.

Upepo usipovuma? Basi mbio zinaweza kwenda popote. Cipollini alishinda mara tatu, sawa na Rik Van Looy, Eddy Merckx, Tom Boonen na Peter Sagan. Majina hayo hayafanani hata kidogo kwa aina ya uendeshaji, na hilo tu ni sifa. Mwaka 2023 Christophe Laporte na Wout van Aert wa timu moja waliwaacha wote, wakafika wawili wakizungumza, na Van Aert akamwachia mwenzake. Mwaka 2024 Mads Pedersen alimshinda van der Poel kwa sprinti ya watu wawili, mwaka uliofuata akachomoka peke yake zaidi ya kilomita 50 kutoka mwisho, na naye akaingia kwenye orodha ya wenye tatu.

Na kuna Machi 27, 2022. Biniam Girmay wa Eritrea, miaka 21, alikuwa amemaliza wa tano siku mbili kabla katika E3, mbio nyingine za Ubelgiji, na ratiba yake ya awali haikuwa na Wevelgem. Akabaki. Katika kundi la wanne, pamoja na Laporte, Stuyven na Dries Van Gestel, alifungua sprinti mapema kuliko walivyotarajia, kama mita 250 kutoka mstari, na hakuna aliyeweza kumpita. Mwafrika wa kwanza kushinda mojawapo ya mbio kubwa za barabara za mawe za Ubelgiji. Angesubiri mita 150, pengine Laporte angempita. Nimeirudia video hiyo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukiri.

Kittel na Kristoff

Ukitaka kuona tofauti ya mbio hizi bila kufungua ramani, waweke watu wawili ubavu kwa ubavu. Kittel, jitu la mita 1.88, alikuwa mfalme wa Schoten, lakini hakuwahi kushinda Sanremo wala Gent–Wevelgem. Kwa kasi tupu, katika miaka yake bora, sidhani kuna aliyempita. Kristoff hakuwa na kasi ile. Siku ya kawaida, barabara tambarare, Kittel angemfunga. Lakini Kristoff alishinda Sanremo 2014, Scheldeprijs 2015 na 2022, na Gent–Wevelgem 2019. Scheldeprijs ya 2015 aliishinda siku tatu tu baada ya kushinda Ronde yenyewe!

Siri yake ni kuchoka polepole. Baada ya saa sita hakuna anayepiga sprinti kwa nguvu zake za kweli. Kila mmoja anapiga kwa kilichobaki. Mwenye kingi asubuhi anaweza kuwa na kidogo jioni. Scheldeprijs humtafuta mwenye kasi kubwa zaidi, Sanremo humtafuta ambaye kasi yake haijaoza. Gent–Wevelgem humtaka huyo wa pili, awe pia na akili ya kujua upepo utageuka kwenye kona ipi.

Kwa wanawake swali hili limejibiwa na mtu mmoja. Lorena Wiebes wa Uholanzi alishinda Scheldeprijs nne za mwanzo mfululizo, 2021 hadi 2024. Sanremo ya wanawake iliporejea kalendani mwaka 2025, aliishinda, na wiki moja baadaye akashinda Gent–Wevelgem kwa mara ya pili mfululizo. Anayetafuta sprinta aliyekamilika aanze na mbio zake.

Basi utazame zipi?

Una nusu saa tu? Sanremo. Washa chini ya Cipressa na usiinuke kwa jambo lolote, hata maji ya kunywa yawe karibu. Saa nne na zaidi za mwanzo unaweza kuziruka bila dhambi, mimi huziruka. Kosa la wageni wengi ni kuanza kutazama tangu asubuhi, kuchoka, na kusinzia Poggio ikiwa inapandwa.

Una mchana mzima na unapenda mambo yanayobadilika? Gent–Wevelgem, lakini angalia utabiri wa upepo siku moja kabla. Upepo mkali wa kusini-magharibi au magharibi, weka kila kitu pembeni na uanze mapema, kwa sababu kundi linaweza kukatika vipande zikiwa zimebaki kilomita 150. Hewa ikiwa imetulia, ingia Kemmelberg ya mwisho na utakuwa hujakosa kitu kikubwa.

Scheldeprijs ningempa mtu anayetaka kujifunza kusoma sprinti. Mbio nyingine zina kelele nyingi mno. Hapa unaweza kutulia ukatazama treni peke yake: nani yuko mbele mapema mno, nani amepoteza gurudumu la mwenzake, nani amefungiwa kwenye uzio. Tazama kilomita 10 za mwisho, halafu zirudie ukimfuata mtu mmoja tu, yule anayemvutia mshindi. Mara ya pili utaona mbio tofauti kabisa. Ila kama wewe ni mtu wa kuuliza "mbona hakuna kinachotokea?", iache.

Nikilazimishwa kubaki na moja, nabaki na Gent–Wevelgem ya siku ya upepo. Sanremo ina mwisho mzuri kuliko zote, hilo sibishani na mtu, lakini siku hizi sprinta anaingia Poggio kama mbuzi anayekwenda sherehe ya Idi. Napenda mbio ambazo bado ana nafasi ya kupigania roho yake.

Ukikosa zote tatu, msimu haujaisha. Tafuta rekodi za Classic Brugge–De Panne, nayo ya Machi: hadi 2025, ikiwa bado na jina hilo, ilikuwa na De Moeren ileile na sprinti karibu kila mwaka; ilikuwa binamu wa Scheldeprijs aliyekulia pwani. Agosti kuna Hamburg, mbio changa zilizoanza 1996, zenye kilima kifupi kikali cha Waseberg na mwisho katikati ya jiji. Elia Viviani alishinda hapo mara tatu mfululizo, 2017 hadi 2019.

Na Oktoba kuna Paris–Tours, kongwe ya 1896, iliyosifika kwa barabara ya mwisho iliyonyooka kama rula, Avenue de Grammont. Iliwahi kuwa mbio za kasi kupita zote: Matteo Trentin alishinda ya 2015 kwa wastani wa kilomita 49.6 kwa saa. Tangu 2018 wamezipitisha kwenye njia za changarawe za mashamba ya mizabibu, na masprinta tangu hapo wanazishika kwa tahadhari, pancha zikiwa nyingi kuliko mashambulizi. Merckx, aliyeshinda karibu kila kitu kinachoshindwa kwa baiskeli, hizi zilimpiga chenga maisha yake yote. Mwaka 1972 alishinda Mbelgiji mwenzake, Noël Van Tyghem, ambaye baadaye alipenda kusema kwamba yeye na Merckx wakiunganishwa wameshinda mbio zote kubwa za siku moja: yeye Paris–Tours, Merckx zilizobaki.